Nukta Iliyobaki

Kila asubuhi, mama anayesafisha picha za usiku za satelaiti hupangusa miwani yake kwa pindo la blauzi, kisha huanza kufuta madoa. Ni alama za chembe zitokazo mbali huko angani. Nyingi hupindishwa njia na sumaku ya dunia. Chache hupenya, zikaigonga kamera ya satelaiti na kuacha nukta nyeupe, utadhani taa za nyumba. Huzifuta moja moja huku akizigombeza: "Na wewe, nani kakualika?"

Leo mwenzake wa meza ya pili alichungulia. "Mama, umeruka moja. Pale ni jangwa tupu, hakuna hata kibanda."

Mama aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, kando ya nukta hiyo. "Najua, baba. Mwanangu alinipigia simu ya mwisho akiwa hapo. Iache kwanza iwake."