Tairi Zilizoisogeza Iringa

Nilikuwa dereva hodari, na mtu wa kwanza kulisema hilo alikuwa mimi mwenyewe. Miaka ile ya hamsini wenye leseni hatukuwa wengi Mbeya, kwa hiyo nilitembea mjini na ufunguo ukining'inia kidoleni hata nilipokuwa naenda kunyolewa tu. Gari lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa pikapu la wakulima tisa wa milimani, juu ya Mbalizi, watu wa kanisa waliolinunua kwa pamoja likiwa kuukuu ili wapeleke viazi na maharage Iringa. Mimi kwetu ni Kilolo. Safari ya Iringa kwangu ilikuwa ya kwenda nyumbani, na kila niliporudi nililetea watu habari za kwetu ambazo hakuna aliyeniuliza.

Mwenyekiti wa wale tisa alikuwa mzee mfupi, mkavu wa maneno, aliyejulikana kilima kizima kwa kazi moja, kupima mashamba. Watu wakigawana ardhi au wakigombania mpaka, walimwita yeye, naye alipima kwa hatua zake mwenyewe, mikono ikiwa nyuma, akihesabu kwa sauti. Hatua yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na mjadala uliishia hapo. Binti yake ndiye niliyekuwa nimemposa. Barua yangu ilikuwa imepokelewa na jibu lilikuwa bado. Kwa kuwa nilikuwa mgeni nisiye na hata tuta moja la viazi upande ule, sikuwa na kitu cha kumwonyesha mzee zaidi ya udereva wangu na jina langu safi.

Tatizo la gari lile lilikuwa petroli. Lilikunywa kupita kiasi, na wakulima wakanituma kwa fundi mmoja wa Ilomba kuuliza dawa. Fundi akanionyesha difu mbili, yale makasha ya gia yanayozungusha tairi za nyuma, zilizolala chini ya kibanda chake.

"Hii ni ya mlima, kama hiyo uliyonayo," alisema, akaigusa moja kwa mguu. "Injini inazunguka mara nyingi ndiyo tairi izunguke mara moja. Ina nguvu, lakini inakula. Hii nyingine ni ya barabara. Injini inatulia, gari linakwenda. Ila ukipanda nayo huko kwenu na mzigo, mtasukuma mpaka mtoe machozi."

Jumapili baada ya ibada wakulima walijadili difu mbele ya kanisa kwa muda mrefu kuliko mahubiri yenyewe. Waliokaa juu kabisa walitaka nguvu. Waliokaa karibu na barabara walitaka ile inayotulia. Mimi nilikuwa nimeegemea bodi ya gari, nikaona saa yangu ya kung'ara imefika.

"Wazee wangu, acheni difu ilivyo," nikasema. "Tufunge tairi kubwa zaidi. Injini itazunguka kama kawaida, ila gari litapiga hatua ndefu. Petroli ile ile, mwendo mwingi zaidi, na galoni itatupeleka hata maili kumi na sita."

Nilisema "hatua ndefu" kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, wala sikujua nilichokisema. Walinipigia makofi. Mzee akasema, "Haya. Tutaona." Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa, na usiku ule nililala nikijiona tayari ni mkwe.

Tairi zikafungwa. Gari likainuka likapendeza, nami nikainuka nalo. Mzee peke yake ndiye aliyepata shida, kwa sababu hakuweza tena kupanda bila kukanyaga kigoda, nasi tukawa tunasafiri na kigoda nyuma ya kiti. Kila nilipokutana na dereva mwingine nilisimama nimweleze kuhusu tairi zangu, atake asitake.

Daftari la gari alilishika yule binti, kwa kuwa alikuwa amesoma na hesabu zake zilikuwa hazina mchezo. Kila baada ya safari alisoma maili kwenye mita, akaandika na galoni tulizojaza. Zamani galoni moja ilitupeleka maili kumi na tano. Wiki zikapita, na Jumamosi moja nikaitwa uani kwa mzee. Nilikwenda nimevaa koti, nikidhani ni jibu la posa.

Mzee alikuwa amekaa na daftari magotini. Binti alisimama mlangoni na hakunitazama.

"Dreva," mzee akasema. Siku zote aliniita mwanangu. "Tangu tairi hizi, galoni inakwenda maili kumi na nne. Siyo kumi na sita ulizoahidi. Kumi na nne. Maana yake kila galoni kumi na tano, moja haina safari. Hiyo galoni inakwenda wapi?"

Niliruka. "Baba, unaniita mwizi?"

"Mimi nauliza galoni."

"Daftari limekosewa!"

"Nimerudia mara tatu," binti akasema polepole. "Nilitaka nikute nimekosea."

Hilo ndilo lililonichoma. Nilijua hesabu zake ni sahihi, na nilijua sijaiba hata tone, na mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja kichwani mwangu. Ilinipasa nikae nifikiri. Badala yake nikautupa ufunguo chini, ukaangukia kwenye punje za mahindi, kuku wakatawanyika, nikawaambia watafute dereva mwingine. Niliteremka mlima kwa miguu nikiwa na hasira tele. Nilipofika Mbalizi hasira ilikuwa imeisha na imebaki aibu, nikaelewa kwamba nimejifukuza kazi, na mwanamke nimempoteza, na kutupa ufunguo na kukimbia ndivyo hasa mwizi afanyavyo.

Jumatatu nilirudi kimya kimya kuchukua blanketi langu lililobaki garini. Nikamkuta mzee shambani na ndugu wawili waliokuwa wakigombana. Mmoja wao, mrefu kama mlingoti, alikuwa akilalamika.

"Baba, shamba hili nimelipima mwenyewe. Ni hatua themanini! Wewe unasema tisini na mbili. Hizo kumi na mbili umezitoa wapi?"

"Sijazitoa popote," mzee akajibu bila kugeuka. "Shamba ni lile lile. Miguu yako mirefu, ndiyo maana hatua zako chache."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tuta, na wote watatu wakaniangalia kwa huruma, wakidhani kuacha kazi kumenipanda kichwani.

"Baba, rudia tena," nikasema. "Rudia ulivyosema, halafu twende tukaangalie tairi."

Alinielewa kabla sijamaliza kueleza. Mita ya gari haioni ardhi. Inahesabu gurudumu linavyozunguka, na ilifundishwa kwa magurudumu mafupi. Tulipolivisha gari miguu mirefu, lilianza kufika Iringa kwa hatua chache, na mita ikaandika kwamba Iringa imesogea karibu. Lakini mzee hakuwa mtu wa kuamini kwa sababu ameelewa. Alitaka kupima.

Tukateremka mpaka barabara kuu, mahali penye mawe ya maili. Binti alikaa dirishani ahesabu mawe. Mzee alikaa katikati, kwa sababu zinazoeleweka, macho kwenye mita. Mimi niliendesha kwa adabu ambayo gari lile halikuwahi kuiona. Binti aliita kila jiwe, na sauti yake ilikuwa inapanda kidogo kila mara. Alipoita la kumi na tano nikasimama.

Mzee akainama hadi pua ikakaribia kioo cha mita. "Kumi na nne," akasema.

Binti akaandika, akafikiri, kisha akacheka. "Basi maili zetu kumi na nne ni kumi na tano za kweli. Hakuna galoni iliyopotea." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Na tairi zako hazijaokoa hata kikombe."

Ilikuwa kweli. Faida yote ya barabarani niliimaliza kwenye vilima, gari lilipolemewa na tairi zile kubwa nikawa narudi gia ya chini kila baada ya kona. Nilifungua mdomo nijitetee, nikaona ni afadhali kuwa mjinga asiye mwizi. Mzee alicheka mpaka akashika dashibodi.

Hakuniomba radhi. Jibu la posa lilikuja wiki iliyofuata, nalo lilikuwa ndiyo, na ufunguo ulirudishwa ukiwa umeoshwa.

Baada ya harusi, mzee alitangaza mbele ya ndugu zake kwamba atatupa mahali pa kulima, hatua mia moja kwa hamsini. Kila mtu kilimani alijua hizo ni hatua za nani. Mimi pia nilijua, na nilishukuru hata hivyo, maana nilikuwa sina kitu. Siku ya kupima tulikusanyika. Mzee alichomeka kijiti kwenye kona, nami nikasubiri aweke mikono nyuma aanze.

Akasogea pembeni. "Pima wewe."

"Baba, mimi hatua zangu ni ndefu."

"Najua ni ndefu," akasema. "Pima."

Nikaanza kuhesabu kwa sauti, ndugu wa mzee wakitazama. Nilipofika sitini nikageuka kumtazama mzee, hesabu ikanipotea mdomoni. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu na jembe begani, akaendelea kuhesabu mpaka mia.