Mhusika Wangu Anaishi Mlango wa Pili

Hamjambo wapendwa. Admin, ficha jina langu kabisa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina binti mmoja, na tunaishi kwenye plot moja ya nyumba za kupanga hapa Kiuu, Ruiru. Mchana nashona nguo, na nikipata nafasi natunga hadithi kwa simu na kuziposti kwenye ukurasa wangu. Mambo ya jirani nitakayemtaja nimeyageuza kidogo asijitambue. Ningekuwa na akili hiyo mapema, leo nisingekuwa hapa kuwaomba ushauri.

Hadithi zangu zilikuwa hazishiki. Mtu anasoma, anaweka like, anasahau. Mhusika wangu mbaya alikuwa analewa na kuvunja sahani, na wa aina hiyo kila mtu anaye kwao. Nikajiambia, anayetisha kweli ni mpole. Basi nikamwangalia jirani wa mlango wa pili, fundi wa mjengo asiyegombana na mtu. Akitoka kazini huosha viatu vyake vya mpira, zile gambuti, pale mferejini mpaka zing'ae, huwaimbia kuku wake nyimbo za kanisa, na kila anayempita humwuliza kwa sauti ya chini, "Leo mnakula nini?" Nikachukua yote hayo, nikamwita Karugu. Halafu, kwa kuwa mhusika asiye na siri hakumbukwi, nikampa siri: amemuua mke wake, akamzika ndani ya nyumba ya kuku na kumwaga simiti juu.

Jamani, ilishika! Wengine waliniandikia kwamba wanamwota Karugu. Nami nikavimba kichwa.

Sasa sikieni. Mke wa jirani, nimwite Nafula, mtu wa Bungoma, alikuwa ameondoka hata kabla sijaanza kuandika. Mumewe alituambia mkewe amefiwa na mama, ameenda kuzika. Tukasema pole, kila mtu akarudi kwa shughuli zake. Aliyenishtua ni mama yangu, anayekaa Makongeni kule Thika, nilipomsimulia kwa simu.

"Amefiwa na mama na hamkukaa matanga?" akauliza. "Hata chai hamkupika? Wamama wa kanisa hawakumsindikiza?"

Hapa kwetu ukifiwa, plot nzima hukaa nawe jioni, mnaimba, mnaomba, na wawili watatu hukusindikiza mpaka kaburini, hata kama ni mbali. Nafula mwenyewe ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kwenye matanga ya wengine, na yeye aliondoka bila hata wimbo mmoja. Nimempigia mara nyingi na simu yake imezimwa.

Nikaenda nyuma kuanika nguo, nikachungulia nyumba ya kuku. Sakafu ni ya simiti. Je, ilikuwapo zamani, nikaiona bila kuitilia maanani, ndiyo sababu nikaiandika? Ama imemwagwa juzi? Naapa sikumbuki.

Juzi asubuhi, binti yangu Wanja akiwa shule, jirani akaja mlangoni.

"Sasa, Mama Wanja. Hiyo story yako imefika mpaka kwa site yetu ya mjengo."

Nikacheka kicheko cha uongo. "Ni vitu za kichwa tu, fundi."

"Na hiyo ya nyumba ya kuku, ulitoa wapi?"

"Hapo tu kwa kichwa."

Akaangalia cherehani yangu. "Basi kwa hiyo kichwa yako, rudisha huyo bibi. Andika alikuwa tu kwao, amerudi, wako sawa. Watu waache kuniangalia vibaya. Ama namna gani?" Hakupandisha sauti hata kidogo. Alipokuwa akienda akageuka. "Wanja siku hizi anatoka shule saa ngapi?"

Mama aliposikia hayo kwa simu alipiga kelele, "Ngai, Mungu wangu! Funga vitu zako ukuje, na usiwache mtoto!"

Wapendwa, naogopa. Labda namwonea. Fundi kuweka simiti kwa kuku wake si ajabu, na huenda Nafula alimwacha tu, naye anaona haya kusema. Basi nimemchafulia jina mtu mwema. Lakini kama ni kweli, nikiandika kwamba mke amerudi, nitakuwa nimemsaidia kumfukia, nyinyi nyote mkisoma na kufurahi. Nikienda polisi niseme nini, kwamba nimetunga hadithi nikaiogopa? Na nikikimbilia Makongeni, nani atabaki wa kumwulizia Nafula?

Karugu namjua mpaka moyoni, kwa sababu nilimtengeneza mimi. Huyu tunayetenganishwa na ukuta mmoja simjui hata kidogo, na anangoja niandike. Nishikeni mkono jamani. Niandike nini?