Nilivyokufa kwenye Karatasi ya Sista Chepkoech

“Uliniua kwa ugonjwa gani?” nikamuuliza Annet.

“Mama, wacha.”

“Kama ni kuhara, sitaki. Sema nilimezwa na mamba.”

“Nilisema umekufa tu. Hakuuliza zaidi.”

“Hakuuliza! Na wewe hukulia hata kidogo?”

Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa akizunguka uani kwetu hapa Kator, anainua sufuria, anaitua, anafagia mahali alipokwisha kufagia. Sista Chepkoech alikuwa njiani. Huyo ni nesi Mkenya anayefanya utafiti, anataka kujua familia zenye watoto wa kansa zinasimamaje bila kuanguka. Mjukuu wangu Poni, miaka sita, ametundikiwa dripu tatu kwa ule uvimbe wa taya. Ya nne ni Jumatatu, na ni kali. Sista amesema haitatundikwa mpaka aone kwa macho yake kuna mtu mzima wa pili nyumbani, wa kuangalia homa ya mtoto mama akiwa kazini.

Kwenye karatasi mtu huyo hayupo. Alishazikwa.

Msimlaumu sana Annet. Alizaliwa juu ya lori, watu wakikimbilia Uganda, na dereva alisimama mara moja tu, tena kwa ajili ya tairi. Akakulia kambini Bweyale, ambako kila fomu ilikuwa na jibu moja. Mna sufuria? Hatuna. Mna blanketi? Hatuna. Mwenye kusema anacho alifutwa kwenye orodha ya msaada. Mtoto yule alijua kusema “hatuna” kwa lugha nne kabla hajaota meno ya mbele. Nami nilikuwa kambi hiyohiyo, kwenye fomu mjane mara mbili, na mume wangu amekaa nyuma ya nyumba anakula karanga.

Annet akaolewa na mwanangu Robert, anayekwenda na majahazi ya mto kaskazini na kurudi mto ukipenda. Annet hukaanga chapati alfajiri, akazitembeza kwenye maofisi ya Thongpiny. Sijawahi kumwona akila ameketi. Taya la Poni lilipovimba alimbeba mgongoni hospitali saba. Yeye husema mbili, lakini mgongo wake ulisema saba. Kwa hiyo Sista alipotoa karatasi, Annet alijibu kama kambi ilivyomlea.

“Leo tunasema kweli,” nikamwambia.

“Watamfuta Poni. Ukidanganya unafutwa.”

“Hapa si Bweyale.”

“Karatasi ni karatasi, Mama.”

“Basi mimi ni dada wa marehemu. Tulifanana sana, ila yeye hakuwa mzuri hivi.”

“Sista si mjinga!” Akapiga sufuria chini, maji yakaruka. “Jumatatu ni kesho kutwa na wewe unacheza!”

Nikaacha mzaha kidogo. Kidogo tu.

“Alikuuliza nini tena, huyo Sista?”

Ufagio ukasimama. “Aliuliza nani humchekesha mtoto.”

“Ukasema?”

“Hatuna.”

Kufa nilishakubali, si mara ya kwanza. Lakini hilo sikulikubali. Nani alimwambia Poni kwamba nywele zake hazikuanguka, zimetangulia Yei likizo? Nani alimsimulia jinsi nilivyovuka Nile juu ya kiboko, nikamlipa tumbaku, naye akadai chenji? Mtoto alicheka mpaka akatapika, na siku ile dripu haikuhusika.

“Hatuna,” nikasema. “Mimi ni hatuna.”

Annet akaketi chini, palepale kwenye maji, akajifuta uso kwa mkono wenye unga.

“Nilitaka kukutaja. Lakini ulikuwa umeshakufa, Mama. Ningekutajaje?”

Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena.

“Khalas, imetosha. Leo nafufuka. Akiingia tu namwambia mimi ndiye niliyekufundisha uongo wa fomu, anifute mimi, Poni amwache, na kama hataki nita—”

“Haboba!”

Poni huniita hivyo, bibi yake. Alikuwa anaingia, kichwa chake kinang’aa, anamvuta Sista Chepkoech kwa kidole.

“Sista, huyu ndiye haboba wangu! Yule wa kiboko!”

Sista akaniangalia. Akafungua faili lake, akaangalia karatasi, akaniangalia tena, akakata palipoandikwa “amekufa” na kuandika: yupo.