Simu Ambayo Teresita Aliingoja

Teresita Gumban, mjane wa mtaa wa Jaro mjini Iloilo, Ufilipino, alifanya usaili wa kazi ya upishi katika chuo kilicho karibu na kwao, akawapikia samaki wa ukwaju. Msimamizi wa jiko, Bi Salvacion, alimwambia atapigiwa simu. Akangoja. Nelia, mdogo wake, akamshauri aende kuuliza. Teresita akaona haya, akasema wakimtaka watamtafuta. Mwezi ulipokwisha akasaini mkataba wa kulea watoto wa watu Hong Kong, akamwachia Nelia bintiye Junalyn, wa miaka mitatu.

Binti akakulia kwenye kioo cha simu. Teresita alijua siku Junalyn alipong'oka jino la kwanza na alama zake za hesabu, lakini harufu ya nywele zake alikwisha kuisahau.

Mwaka wa kumi, akiwa likizo, alikutana na Bi Salvacion sokoni.

"Wewe si yule wa samaki wa ukwaju? Tulikupigia sana. Namba uliyoandika ilipungua tarakimu moja. Nikasema atakuja mwenyewe kuuliza. Hukuja, mwanangu."

Teresita alirudi nyumbani bila hata kununua mboga.

Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha, naye hakuongeza mwingine. Chuo kilipotangaza nafasi, alifanya usaili tena. Jioni ileile akaandika barua fupi ya kushukuru, akaihakiki namba yake mara tatu. Baada ya wiki akapiga simu, akaambiwa asubiri. Wiki ya pili akavaa vizuri ili aende mwenyewe. Nelia akamcheka.

"Dada, utawachosha hao. Watadhani una njaa."

"Waache wadhani. Njaa ya kukaa kwangu ninayo."

Ofisini aliomba dakika mbili tu, akauliza kwa adabu kama uamuzi umefikiwa. Katibu akapekua mafaili. Aliyechaguliwa alikuwa amejitoa asubuhi ile, na walikuwa hawajaamua wamwite nani.

"Kesho njoo na cheti cha afya," akasema.

Sasa Teresita anapika pale, na saa kumi yuko nyumbani. Junalyn, mwenye miaka kumi na minne, akitoka shule humwita kwanza Nelia, "Mama!" Kisha humwendea Teresita, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji lake mwenyewe la uso, salamu ya heshima ya kwao kwa wakubwa, kama afanyavyo kwa wageni. Teresita huuacha mkono palepale kidogo, hata binti akishainua kichwa.