Namba Sabini na Mbili

Nimewahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Nasema hili mapema kwa sababu watu wa Bellevue, mtaa wangu hapa Johannesburg, wakiniona napita na mabegi ya soksi hawaamini, na siwalaumu. Ilikuwa timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo ambao mpira wake una umbo la kiazi kitamu na miguu haihusiki sana. Timu yetu ilikuwa ya kwanza hapa mjini kuwalipa wachezaji, au tuseme ya kwanza kuahidi. Ligi nzima ilikuwa na timu nne. Nilizihesabu mara mbili nikidhani nimeruka moja.

Kocha, Mmarekani mstaafu mwenye goti bovu, alinikuta Fordsburg nimebeba marobota mawili ya soksi mabegani, nabishana na mwenye duka la jumla juu ya robota la tatu. Akangoja nimalize. Nilipomaliza, sauti imenikauka na bei imeshuka, akaniuliza kama naweza kumzuia mtu mwenye uzito kama wangu asipite.

"Asipite kwa muda gani?"

"Sekunde nne."

"Kwa sekunde nne," nikamwambia, "nakuzuia wewe na gari lako."

Akaniweka katikati ya mstari wa mbele. Mtu wa katikati ndiye anayeinama na kuushika mpira chini. Mwito ukifika anaupitisha nyuma, katikati ya miguu yake, umfikie mrushaji, kisha anainuka na kugongana na jitu lililosimama mbele yake. Kazi yote ni hiyo. Ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, na mimi niliifanya vizuri sana.

Wenzangu walikuwa watu wema. Walicheka kwa Kizulu na kugombana kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na "sharp", yaani sawa, na "eish", yaani lo, na kwa maneno hayo mawili mtu anaweza kuishi Johannesburg miaka mitano bila kukosa chakula. Nimejaribu. Ila huwezi kumweleza mtu jambo refu kwa "sharp" na "eish".

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, mechi Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo Watanzania wa hapa hukaa matanga, maana siku nyingine kila mtu yuko kwenye riziki yake. Ninakaa kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa ikawa vyumba kumi na moja, na cha kwanza, kile cha mbele, anakaa dada mmoja wa Tanga kama mimi, anayepika vitumbua vya kuuza. Msiba ukitokea kwa mtu wetu yeyote, hata kama aliyekufa yuko Lindi, dada huyo hupita ukumbini akibisha mlango hadi mlango.

"Kaka, kuna msiba. Tunakaa Yeoville, kwa yule fundi viatu."

"Dada, nina mechi."

Mara ya pili nilikuwa na mechi. Ya tatu pia. Mara ya nne alisimama mlangoni akanipima kutoka unyayo hadi utosi.

"Haya, mchezaji. Siku yako ikifika tutakuja kukutazama uwanjani."

Mara ya tano alibisha chumba cha saba, akabisha cha tisa. Mimi ninakaa cha nane. Nilikuwa nimeshasimama, mkono uko kwenye kitasa, jibu liko mdomoni. Nikasikia kandambili zake zikipita bila kupunguza mwendo.

Mama yangu alifariki Alhamisi, mwezi wa sita. Nilikuwa Kensington, kando ya barabara kuu, soksi nimezipanga juu ya turubai, nyeusi upande mmoja na za rangi upande mwingine. Mdogo wangu akapiga simu kutoka Tanga. Alisema mama ameondoka alfajiri, na wanazika baada ya swala ya alasiri.

"Hamwezi kungoja hadi kesho?" nikamuuliza.

"Tumeshachimba."

"Basi hadi magharibi."

Nilisikia watu nyuma yake, viti vinaburutwa, mtu anauliza sufuria kubwa iko wapi.

"Kaka," akasema, "hizi si soksi."

Nikakata simu. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa ameinama anashika jozi tatu nyeusi, akataja bei ya kichaa, ile bei mtu anayoitaja ili mpate pa kuanzia. Nikamwambia chukua. Akaziangalia, akazigeuza ndani nje, akazirudisha juu ya turubai na kuondoka. Alidhani zina kasoro.

Siku hiyo na kesho yake kila aliyeniuliza habari nilimjibu "salama". Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, aliuliza, nikajibu salama. Wapangaji wenzangu kwenye foleni ya bafu waliuliza, salama. Ndivyo tulivyolelewa: habari ya kwanza ni njema hata kama nyumba imeanguka, habari yenyewe huja baadaye, mkishakaa. Mimi sikuwa na mtu wa kukaa naye ili tufike kwenye habari ya pili. Mara mbili nilienda hadi chumba cha kwanza. Kutoka mlango wangu ni hatua kumi na tisa. Nilisimama nikasikia mafuta yanachachatika kwenye kikaango, nikawahesabu wafiwa ambao sikuwaendea, wakawa watano. Nikahesabu tena, labda mmoja alikuwa jamaa wa mbali. Wakabaki watano. Nikarudi, hatua kumi na tisa.

Jumamosi nikaenda kucheza. Hakuna aliyenilazimisha, na sikumwambia kocha kitu. Niliona heri nigongwe na watu kuliko kukaa kitandani nasikiliza kandambili.

Tulicheza kwenye uwanja wa raga wa shule moja, majani yamekuwa manjano kwa baridi, jua kali lisilo na joto. Watazamaji walikuwa arobaini na mmoja, pamoja na mlinzi wa geti. Mtu aliyesimama mbele yangu alivaa jezi namba sabini na mbili. Alikuwa mpana kama kabati la nguo, na kati yetu palikuwa na nafasi ya urefu wa mpira tu. Nikainama, nikaushika mpira, nikasema bismillahi kwa sauti ndogo kama kawaida yangu.

Kabati likasema: "Ee! Weye uko Mswahili?"

Mwito ukafika, nikapitisha mpira, tukagongana, tukaanguka. Nikamjibu tukiwa chini.

"Wa Tanga."

"Miye niko wa Bujumbura," akasema, akinivuta mkono niinuke.

Kwa anayejua mchezo huu: kila pigo huchukua sekunde chache, kisha watu hujipanga upya. Mazungumzo yetu yakaenda hivyo, sentensi moja kwa kila pigo.

"Uko Sauzi tangu lini?" Tukagongana.

"Miaka mitano," nikasema, nikitema majani.

"Umeoa?"

"Bado."

"Kwa nini?" Akaniangusha kabla sijapata sababu, na mimi nikashukuru.

Sikuwa nimezungumza Kiswahili kirefu namna hiyo tangu Alhamisi. Chake kilikuwa Kiswahili cha kwao, kila mtu na kila kitu kwake kilikuwa "niko", "uko" au "iko", na kwetu Tanga angechekwa mtaa mzima. Mimi ningeweza kumsikiliza mpaka taa za uwanja zizimwe.

Robo ya pili tulikuwa karibu na mstari wa kufunga, mara ya kwanza siku hiyo. Mrushaji wetu akaanza kuita nyuma yangu. Sabini na mbili akainama, uso wake ndani ya vile vyuma vya helmeti ukanikaribia, akauliza kile ambacho mtu mwenye adabu lazima aulize:

"Na nyumbani? Mama iko mzima?"

Nilifungua mdomo niseme salama. Salama haikutoka.

"Alikufa juzi," nikasema.

Mwito ulipita. Wenzangu wote wakaruka mbele, mimi nimebaki nimeinama na mpira mkononi kama mtu anayeangalia embe sokoni. Filimbi ikalia, mwamuzi akatupa kitambaa cha njano, tukarudishwa nyuma yadi tano. Hivyo ndivyo msiba wa mama yangu ulivyotangazwa Johannesburg.

"Hamsini na tano!" kocha akafoka. Hiyo ilikuwa jezi yangu. "Umelala?"

"Eish," nikasema.

Pigo lililofuata sabini na mbili hakusukuma. Aliniwekea mikono mabegani akasimama tu, na mkimbiaji wetu akapita pembeni yake. Benchi lao likapiga kelele.

"Sukuma," nikamwambia. "Utafukuzwa."

"Nisukume mtu iko na msiba?"

"Sukuma, ndugu yangu. Tafadhali."

Akasukuma. Tangu hapo, kila mwito ulipokaribia, alisema "pole" kwanza, kisha akaniangusha. Sijui mtu mwingine aliyewahi kupewa pole zake kwa mpangilio huo. Ndani ya helmeti mtu anaweza kulia na hakuna anayejua. Ubaya wake ni mmoja, huwezi kujifuta.

Tulifungwa thelathini na nne kwa sita. Mechi ilipoisha alikuja upande wetu, helmeti mkononi. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, wa mtu wa makamo, na masikio yamekunjamana.

"Nani iko na weye nyumbani?"

"Watu wapo."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Unadanganya. Mtu mwenye watu hawezi kuja kucheza mpira siku ya tatu ya msiba. Watu wake wanamkataza." Akaniangalia. "Kesho nikitoka kanisani ninakuja kukaa."

"Ni mbali."

"Wapi?"

"Bellevue."

"Miye niko Yeoville! Ni kuvuka barabara tu."

Nikajaribu kushusha. Nikamwambia nusu saa inatosha. Akasema mchana wote. Nikasema basi saa moja, na asilete kitu. Akanishika bega, akasema kwao watu hawauziani msiba, na akaondoka. Kwa mara ya pili wiki hiyo nilikuwa nimeshindwa biashara.

Alikuja kweli, saa saba mchana, amevaa suti ya kahawia inayombana mgongoni, kreti la soda begani. Akavua viatu mlangoni. Nina kiti kimoja. Akakiangalia, akajiangalia, akachagua sakafu. Tukakaa. Niligundua kwamba kukaa nako ni kazi, na kwamba yeye anaijua. Mwishoni akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa anauza maandazi na hakuwahi kumpunguzia mtu hata mara moja, ila akikufungia ungekuta andazi la ziada. Nilicheka. Halafu sikuwa nacheka.

Ukumbini kandambili zikapita.

Akageuza kichwa. "Huyo ni wa kwenu?"

"Ndiyo."

"Anajua?"

Nikamfungulia soda.

"Nenda ubishe," akasema. "Ama miye nibishe?"

Nikamweleza kuhusu zile mara tano. Nilimweleza zote, moja moja, na sababu zake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Watakutukana. Nenda."

Dada alifungua mlango ana unga hadi viwikoni. Akangoja niseme ninachotaka, kama unavyomngojea mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Dada, nimefiwa na mama."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ni lini?"

"Jumapili."

Akanipiga begani kwa mkono wenye unga, kofi la nguvu hasa, sabini na mbili angelipenda.

"Wewe mtu wa Tanga una akili kweli? Siku nne! Mama wa watu kazikwa, mtoto wake yumo humu ndani anasema salama, salama! Hata salamu zako zilikuwa za uongo!" Halafu akanikumbatia na unga wake wote, akapiga ukelele ambao ulifungua milango kumi.

Hawakuwa wengi kama nilivyokuwa nikiogopa, wala wachache kama nilivyostahili. Walikuja kumi na wanne, na baadaye wawili kutoka Yeoville. Walitandika mikeka, walitoa kitanda changu nje, walinitukana kidogo kila mmoja kwa zamu yake, kisha wakaanza kusoma Yasini. Niliwekwa katikati, mkono wa mtu huku na mkono wa mtu kule. Sabini na mbili alisogea, akasogea tena kuwapisha watu, hadi nikamwona yuko mlangoni kabisa, amekaa wima kwenye suti yake, mikono juu ya magoti, akiangalia midomo ya wanaosoma. Hakujua aitikie wapi. Nilitaka kumwita aje karibu, lakini mfiwa haondoki katikati ya kisomo, na nilikuwa nimeshakosea vya kutosha.

Tulipoomba dua na kushusha mikono, mlangoni palikuwa pameketi mtoto wa chumba cha tano, anakunywa soda. Nikatoka nje kuhesabu viatu. Vile vikubwa havikuwepo.

Nikajiambia si neno, tuna mechi ya marudiano wiki tatu mbele, nitamshukuru pale pale, sentensi moja kwa kila pigo. Jumanne tulikuta geti la uwanja limefungwa kwa mnyororo. Kocha alituandikia ujumbe kwamba wafadhili wamejitoa na ligi imekwisha. Wenzangu walisimama pale kidogo, wakasema sharp, sharp, wakatawanyika kuelekea kwenye roboti, taa za barabarani kwa lugha ya hapa.

Sikuwa nimemuuliza jina. Uwanjani hukuhitaji, kila mtu kaandikwa mgongoni. Jumapili, ibada zikiisha, huwa napita Yeoville taratibu nikiangalia wanaume wapana waliovaa suti. Wako wengi kuliko unavyodhani. Wawili nimeshawasalimia kwa makosa. Mmoja alikuwa Mkongo, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia mama yangu amefariki. Akasema pole sana, na akasimama nami pale kando ya barabara mpaka basi lake lilipofika.