Mistari Mirefu ya Kaka Yangu

Kaka yangu alirudi kutoka Moshi, alikokuwa akibeba mizigo ya watalii, akiwa na kamba mbili, viatu vya mpira vinavyobana vidole na kimfuko cha chaki ya unga. Wenzake walirudi na mabati. Alinunua pikipiki, akaanza bodaboda Handeni mjini. Asubuhi anapeleka shule watoto wa mtaani kwetu, mchana anachukua yeyote, na Jumapili anakwenda upande wa Makuyuni kupanda mwamba.

Mimi ni fundi cherehani na sipandi hata dari. Nilimfuata kwa sababu tangu tumzike mama sikuweza kukaa nyumbani Jumapili. Watu walidhani ni huzuni. Huzuni ningeijua. Ilikuwa ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa, ila mwili mzima. Ningeweza kutazama ukuta mpaka adhana ya alasiri. Afadhali nitazame jiwe, ambalo angalau lina watu wanaolihangaikia.

Vijana wachache wa Korogwe walijiunga naye, akawafundisha adabu ya chaki kabla ya kuwafundisha kufunga kamba. Chaki unapaka mikononi ili jasho lisikuangushe. Ukitaka kukumbuka pa kushika, unachora kistari pembeni yake, kisizidi kiungo kimoja cha kidole. Hufuti kistari cha mwenzako kabla hajamaliza kupanda, maana ni sawa na kumwondolea mtu sahani bado anatafuna. Huchori kwenye njia ambayo mwenzako anaitafuta kwa akili yake. Na kabla ya kuondoka unafuta chote, kwa brashi laini, si ya waya, ili atakayekuja alikute jiwe kama Mungu alivyoliacha.

Mistari ya juu aliifuta aliyepanda mwisho. Ya chini niliichukua mimi, kwa kuwa dukani kwangu pia chaki haimfikii mteja. Gauni likitoka na mstari, watu wanajua fundi alikuwa na haraka.

Bibi mwenye shamba la mahindi chini ya mwamba alikuwa na sababu yake nyingine. Wazee wa pale wakipatwa na jambo humwaga unga jiweni.

"Mkiacha weupe wenu," alituambia siku ya kwanza, "watu watakuja kuniuliza nani ana shida. Nitawajibu nini mimi?"

Basi tukawa tunafuta. Lakini kuanzia mvua za vuli mistari ya kaka ilianza kurefuka. Kwanza kidole, halafu kiganja, halafu ikawa mistari ya kuvuka jiwe upande hadi upande, kama mtu anayepima kitambaa cha pazia. Ilichukua muda kuifuta na brashi yangu ilianza kupukutika. Nilikereka, nikaendelea kufuta. Kukereka nako kulikuwa mbali, kama redio ya jirani.

Vijana walikereka zaidi. Ila kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba amekosa, hutafuta wa kumtuma. Jumapili moja, kaka akiwa anavaa viatu, wawili walinijia pale nilipokaa, wakanisifia kitenge changu. Nilijua napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Dada, tunaomba utusaidie," alisema mmoja. "Bro anachafua jiwe. Sisi tukichora kirefu anatugombeza, yeye anachora barabara. Tukimwambia itakuwa utovu wa adabu."

"Mnaona ana kiburi?"

"Hatujasema hivyo, dada."

Walikuwa wamesema hivyo hivyo. Na mimi niliona vijana wana haki. Kaka alikuwa ameshachora vishikio vya chini, ameenda pembeni kunywa maji. Kufuta kabisa nisingeweza, hajapanda. Nikashika brashi, nikafanya kazi ninayoijua: kila mstari nikaupunguza, nikaacha urefu wa kiungo cha kidole kama alivyofundisha mwenyewe. Vistari vilipendeza.

Akaja, akafungwa kamba, akapanda. Miguu ilikuwa juu kidogo tu ya goti langu aliponyoosha mkono wa kulia. Kishikio kilikuwa pale, na kistari chake kikiwa cheupe kabisa. Mkono ukapita. Ukarudi, ukapapasa juu yake, ukapapasa chini yake, kama mtu anayetafuta swichi umeme ukiwa umekatika.

"Kulia kwako, bro," kijana aliyeshika kamba alisema. "Karibu na kiwiko."

Kaka hakugeuka. Aliomba ashushwe.

"Nani amefuta?"

"Sijafuta," nilisema. "Nimepunguza."

Alikaa chini, akavua viatu polepole. "Sikuviona," alisema, kwa sauti ya muuza duka anayekwambia sukari imekwisha. "Pembeni kumeingia giza. Mstari ukiwa mrefu unanifikia huku katikati. Ukiwa mfupi unabaki kule."

Mama alianza hivyo. Alianza kugonga milango kwa bega, tukamcheka, mwisho nikawa namshika mkono kwenda chooni. Presha ya macho, walisema hospitali, na wakasema pia kwamba hutembea katika ukoo. Kaka alikuwepo siku ile. Tulikuwa benchi moja.

Nilisubiri moyo uruke. Haukuruka. Nilimtazama kaka yangu, mtoto pekee aliyenibakia wa mama yangu, nikasikia nguo ikinibana kwapani, basi. Niliogopa kidogo jinsi nisivyoogopa.

"Na pikipiki?" niliuliza.

"Lami ina mstari mweupe pembeni. Nautazama huo, naufuata."

"Kukiwa hakuna mstari?"

"Nafuata gari la mbele."

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa nyuma yake kutoka Handeni, nimesinzia.

"Na watoto wa watu?"

Alivipanga viatu vyake, kimoja juu ya kingine. Nikanyoosha mkono, nikasema anipe ufunguo. Niliamini tutagombana, na nilikuwa nimejiandaa. Aliutoa mfukoni upesi, akauweka kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake.

Vijana walifuta jiwe bila kuambiwa. Mmoja alijitolea kutuendeshea pikipiki hadi lami. Kaka akakataa, kama haendeshi basi ataisukuma mwenyewe. Akasukuma. Mimi nilitembea upande wa kushoto kwake nikimsomea njia: mfereji, jiwe, mzizi. Hakuna aliyenifundisha sauti ile. Niliitumia miaka mingi kwa mama, ikatoka yenyewe.

Tulipoikaribia lami simu yake ililia mfukoni mwa shati. Mikono yote ilikuwa kwenye usukani, akaniambia nipokee. Alikuwa mama mmoja wa mtaani kwetu.

"Kesho watoto wana mtihani," alisema. "Awahi kidogo."

"Mimi ni dada yake. Kesho haji, mama. Tafuta mwingine."

"Pikipiki imeharibika?"

Kaka alisimama. Alisikia, maana simu yake inapiga kelele. "Mwambie imeharibika," alisema taratibu. "Nakuomba, dada."

Ingekuwa rahisi. Mama yule angesema pole, angesubiri fundi, na wiki ijayo angepiga tena.

"Pikipiki ni nzima," nilisema. "Macho yake ndiyo hayaoni vizuri."

 Mama yule akauliza, tangu lini. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Nilishika usukani, nikampa simu amjibu mwenyewe.