Katuni ya Saa Saba

Binti yetu alipofikisha mwaka mmoja na miezi minane, mimi ndiye niliyeamuru televisheni iwashwe kila siku saa saba kasoro robo. Wa kulaumiwa asitafutwe mbali.

Nafanya kazi mgodini. Natoboa mwamba kwa mashine, wenzangu wanajaza matundu baruti, king'ora kinalia, na saa saba mchana mwamba unapasuliwa. Tunakaa Dilala, mtaa ulio karibu na mgodi, katika zile nyumba za zamani za kampuni. Baruti ikilipuka, vioo vya madirisha vinatetemeka na vumbi la plasta linadondokea kwenye sufuria. Watu wazima wa mtaani hawakatizi hata mazungumzo. Lakini binti yetu alikuwa akipiga mayowe mpaka anakosa pumzi. Nilimsikia kwenye simu kila mke wangu aliponipigia. Nikasema awekewe katuni, sauti juu, kabla ya king'ora. Siku ya kwanza tu akanyamaza, nami nikajiona fundi.

Robo saa ikawa saa nzima, saa nzima ikawa mchana kutwa. Alipokaribia miaka mitatu alikuwa anakula bukari, ugali wetu, bila kuutazama, mdomo wazi, macho kwa tembo mmoja mwenye suruali nyekundu. Mgeni akisimama mbele ya kioo cha televisheni, anasukumwa kando bila salamu. Mama yangu alitoka Kasaji akakaa nasi siku tatu, na mjukuu wake alimtazama labda mara mbili.

"Uyu mutoto mulizalia televizio?" aliniuliza akiwa anafunga mizigo yake.

Nilicheka. Iliniuma sana.

Basi nikawa mkali, na ukali wangu ulikuwa wa mtu asiyekuwepo. Nikirudi jioni, kabla ya kuvua viatu, nilipeleka kiganja nyuma ya televisheni kuona kama ina joto. Daima ilikuwa na joto. Mke wangu alinitazama nikifanya hivyo kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akachoka, akaniita tata, yaani baba, kama mtoto aniitavyo.

"Tata, wee uko kule kwenye mashimo. Mi njo nabakiaka na mutoto."

Jumapili hatulipui, na siku nyingine zote saa saba hunikuta kazini. Kwa hiyo sikuwahi kuwa nyumbani baruti inapolipuka.

Halafu mashine yangu iliharibika katikati ya wiki, nikaambiwa nipumzike. Asubuhi hiyo umeme ukakatika, na nakiri nilifurahi. Niliketi sakafuni na binti yangu tukipanga vifuniko vya chupa, vyekundu huku, vya kijani kule. Alicheka, akanikalia mguuni. Nikawaza kwamba leo, bila katuni, atajua pa kukimbilia.

King'ora alikisikia yeye kabla yangu. Mkono wake ulisimama juu ya vifuniko. Nilifungua mikono yangu miwili, nikangoja.

Baruti ikalipuka. Binti yangu aliinuka, akanipita, akajipenyeza kati ya televisheni na ukuta, na kukumbatia mgongo wa televisheni uliokuwa baridi. Nilipomfuata alipiga mayowe zaidi.

"Tata, hapana! Tata, hapana!"

Mke wangu alitoka jikoni akamvuta kutoka pale na kumpakata. Akamsemesha taratibu, kama mtu anayerudia sala aliyoizoea.

"Usiogope, mama. Ni tata. Ni tata eko anatumika."

Niliuliza kama kila siku humwambia kwamba mlio ule ni baba yake akifanya kazi.

"Kila siku," alijibu. "Ajue ni mutu wa nyumba, asiogope."

Hakuwa na nia mbaya. Ningekuwa mimi, ningesema vilevile. Miezi yote ile nilidhani televisheni imeninyang'anya mtoto, kumbe alikuwa anajificha kwayo, akinikimbia mimi. Nilihisi aibu na nikahisi wivu pia, wivu wa kukionea kitu cha plastiki.

Umeme ulirudi saa tisa. Binti yangu alikuwa bado mapajani mwa mama yake, ananitazama mikono, si uso. Niliwasha katuni mwenyewe, nikaongeza sauti, kisha nikatoka kwenda kukaa uani, ambako asingeniona.